Muulize Shangazi: Mbona sabuni ya karafuu imeniunguza uso?

*Shikamoo shangazi. Nilienda harusini Unguja nikanunua sabuni ya karafuu na mwani, muuzaji akaniapia haina kemikali hata chembe. Siku ya tatu uso ukaanza kuwaka na kuvimba kidogo. Kitu cha asili kinawashaje? – Msomaji, Tanga*

Marahaba mwanangu. Kwanza huyo muuzaji kakudanganya, pengine bila kujua. Hakuna sabuni ya mche isiyopitia kostiki soda, ndo inayokutana na mafuta ikayageuza sabuni, ila ikipimwa vizuri inaisha yote humo humo na wewe unabaki na sabuni na glisarini. Ikizidishwa ndo balaa, na sabuni iliyouzwa mbichi nayo ni hivyo hivyo.

Halafu karafuu. We hukumbuki jino likiuma bibi anakubandika karafuu, mara ulimi unakufa ganzi? Ile ni ujenoli, kemikali iliyomo ndani ya karafuu yenyewe, na ni kali kwelikweli, sasa mtu anamimina mafuta ya karafuu kwenye chungu kwa kukisia ili inukie mpaka barabarani, we unaenda kupaka usoni, unategemea nini. Mimi kwenye kilo ya mafuta sivuki gramu 5 za mafuta ya karafuu, na hata hapo nakoroga mbio mbio manake karafuu inaifanya sabuni igande ghafla mkononi.

Acha hiyo sabuni, nawa uso kwa maji matupu siku kadhaa, na uvimbe ukiendelea nenda hospitali usije ukaanza kubandika manjano na asali juu ya kidonda. Siku nyingine sabuni ngeni ijaribu ndani ya mkono kwanza siku mbili tatu ndo uipeleke usoni.

*Shangazi, nasikia sabuni ya mwani yaondoa mikunjo na madoa, ni kweli? Huku kwetu yauzwa ghali. – Mama watatu, Mombasa*

Mama watatu, mwani naupenda mie, kina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja wanaupanda tangu 1989, wanashinda baharini maji kupwa mgongo umepinda, na mwingi wake ulikuwa unakaushwa unasafirishwa nje kwa bei ya kutupa, kwahiyo mtu akiusaga akatia kwenye sabuni akapata hela zaidi nafurahi. Lakini mikunjo? Sabuni inakaa mwilini dakika moja unaisuuza, huo mwani utaingia saa ngapi? Kazi yake ni ule unga, unasugua taratibu unatoa taka za ngozi, basi. Nunua kwa sababu unaipenda, madoa yapakie kinga ya jua.

Kinachofanya ngozi iwe laini kwenye sabuni iliyotengenezwa kwa mkono ni glisarini, viwandani mara nyingi huitoa wakaiuza pembeni, ya nyumbani inabaki ndani. Na mafuta yenyewe. Nazi inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi ndo maana pwani tunaipenda, ila nazi tupu inakausha, ukitoka kuoga mwili unakuwa kama umepaka chokaa. Uliza muuzaji kachanganya na nini, zeituni, alizeti, chochote, akikwambia nazi peke yake na ngozi yako kavu, mwachie.

*Dada shangazi, nataka kuanza biashara ya sabuni, jirani anasema kostiki inapimwa kwa jicho tu. – Morogoro*

Jirani huyo msimsikilize jamani! Nunua mzani wa kupimia gramu. Kilo 1 ya mafuta ya nazi inakula kostiki gramu 183 ikaisha yote, we weka 174 ili mafuta kidogo yabaki ya kulainisha ngozi, na maji kama gramu 350. Kila mafuta yana kipimo chake, cha nazi usikipeleke kwenye mawese. Kostiki ndo inatiwa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki inaruka usoni, vaa glavu na miwani, watoto wawe mbali, na sufuria ya alumini usithubutu, inaliwa huku inatoa gesi. Ndoo nene ya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Ukishakata miche ipange penye hewa wiki 4 mpaka 6. Najua njaa ya hela, ila ukiuza wiki ya kwanza ndo unatuletea mwingine kama yule wa Tanga hapo juu.

*Je, nitie ndimu kwenye sabuni ing'arishe uso?*

Hapana. Kostiki inaimeza ndimu yote, unabaki na kipimo kilichoharibika. Na ukipaka ndimu yenyewe usoni ukatoka juani, utarudi kwangu na barua nyingine.