Pasaka ya Kiyahudi kwa oveni ndogo ya mezani: majibu ya maswali yenu

Wengi mlioandika mwezi huu mnapikia familia za Kiyahudi, wachache ni Wayahudi wenyewe, na karibu nyote mna oveni ile ndogo ya umeme inayokaa kwenye kaunta, pembeni ya birika. Pasaka yao huangukia Machi au Aprili. Huchukua siku 8, ndani ya Israeli siku 7, na muda huo wote chachu haikai nyumbani. Oveni hii naiamini sana kwa kazi hiyo, mradi ujue uwezo wake unapoishia.

*Mama, hujambo. Nafanya kazi kwa familia moja hapa Nairobi. Oveni yetu ndogo tunachomea mkate kila asubuhi. Mwajiri anataka niisafishe ili itumike Pasaka. Nianzie wapi?*

Usianze kusugua. Kwanza mwombe mwajiri amuulize rabi wake, na mwambie mapema, kwa sababu marabi wengi hujibu kwamba oveni ya aina hiyo haifai kutakaswa, itafutwe nyingine.

Kinachokatazwa ni nafaka 5: ngano, shayiri, rai, oti na spelti, zikishalowa maji zikakaa dakika 18 bila kuokwa. Zikifika hapo huitwa hametz. Mkate, chapati, mandazi, biskuti, tambi na bia vyote vimo, na wakati wa Pasaka hata chembe haipuuzwi. Oveni kubwa husafishwa kwa dawa, huachwa saa 24 bila kutumika, kisha huwashwa moto wa mwisho kwa muda atakaoutaja rabi, ili kila kilichonyonywa na chuma kiungue. Hii ndogo ina tabu zake. Chukua tochi uchungulie ndani. Utaona chembe za mkate chini ya koili, nyingine zimeingia kwenye bawaba za mlango, na nyingine zimenasa nyuma ya bati lisilofunguka bila bisibisi. Mkate wenyewe umekuwa ukilazwa juu ya wavu moja kwa moja, bila trei. Na moto wake wa mwisho mara nyingi ni nyuzi 230 au 250 tu. Unaweza kusugua siku nzima, mikono ikachubuka, na mwishoni mwajiri bado asiwe na amani.

Ushauri wangu ni mmoja: inunuliwe mpya, ya lita 20 au 25, iwe ya Pasaka tu, kisha irudi kwenye boksi lake hadi mwaka ujao. Hapo ndipo oveni ndogo inapoishinda kubwa, kwa kuwa ni watu wachache wanaoweza kununua jiko kubwa la kutumika wiki moja kwa mwaka. Kabla ya kupika chochote iwashe tupu, moto wa juu, madirisha wazi, kama nusu saa. Itatoa moshi na harufu ya mafuta ya kiwandani. Trei, koleo na vitambaa vya kushikia vyombo vya moto viwe vya Pasaka pia. Na upime ndani kwa futi kabla ya kununua trei, maana zile kubwa za alumini za sentimita 33 kwa 23 haziingii katika oveni nyingi za mezani.

*Dada, mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa London na nimeingia dini ya mume wangu. Keki yangu ya Pasaka huungua juu na katikati ikabaki mbichi. Mama mkwe anakuja mwaka huu, nisaidie!*

Pole, na tuliza moyo, hili lina dawa. Katika oveni ndogo koili ya juu iko sentimita chache tu kutoka kwenye keki. Keki ikianza kuumuka inaifuata ile koili, ngozi ya juu inakauka na kuwa nyeusi, huku katikati bado uji. Hivyo shusha wavu ngazi ya chini kabisa, punguza moto kwa nyuzi 15 au 20 kuliko kitabu kinavyosema, na keki ikishashika rangi ya asali ifunike kwa foili bila kuibana. Tena nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza kwenye wavu. Swichi ya moto ya oveni hizi inaweza kusema 180 wakati ndani ni 200 na zaidi.

Jambo la pili ni keki yenyewe. Kwa kuwa unga wa ngano wa kawaida hauruhusiwi, keki za Pasaka husimama kwa mayai, na kinachoshika nafasi ya unga ni matza iliyosagwa (matza ni ule mkate wao mkavu, bapa, usiotiwa chachu), wanga wa viazi au lozi. Matza ikishaokwa haiwezi tena kuchacha, ndiyo maana unga wake unaruhusiwa, ingawa wako wanaokwepa kuulowanisha kabisa, hasa Wahasidi, kundi la Wayahudi wanaoshika dini kwa ukali. Muulize mumeo desturi ya kwao kabla hujampikia mama mkwe.

Mimi kwa oveni ndogo nachagua ile keki ya machungwa na lozi ya Wasefaradi, yaani Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno, kwa sababu ina unyevu wake na inavumilia moto usio sawa. Kipimo kamili ni machungwa 2, mayai 6, lozi za kusaga gramu 250 na sukari gramu 250. Wewe pika nusu yake katika bati la sentimita 18: chungwa 1, mayai 3, lozi gramu 125, sukari gramu 125. Chungwa lichemshe zima, na ganda lake, saa moja na nusu, mpaka kijiti cha meno kiingie bila kusukuma. Lipoe, lipasue, toa kila mbegu, kisha saga lote. Piga mayai na sukari mpaka yawe mepesi na meupe, tia chungwa, tia lozi na nusu kijiko cha chai cha beking pauda. Beking pauda iwe ile yenye alama ya Pasaka, kwani ya kawaida mara nyingi huwa na wanga wa mahindi au wa ngano. Oka kwa nyuzi 170, kama dakika 40 hadi 50. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande wa bati ili hewa ya moto izunguke. Bati likigusa ukuta wa oveni, upande huo utaungua hata ufanyeje. Ukitaka keki mbili, oka moja, kisha piga mayai ya ya pili. Rojo likikaa linangoja zamu, pumzi ya mayai inapotea.

Na kwa kuwa umetoka Tanga, nazi imo mkononi mwako. Nazi haimo katika yale makatazo. Ute wa mayai 3, sukari gramu 150, nazi iliyokunwa na kukaushwa gramu 250, chumvi kidogo. Finyanga vidonge, oka kwa nyuzi 160 dakika 20 mpaka ncha ziwe kahawia. Hicho ni kitafunwa cha Pasaka kinachojulikana sana huko uliko, na mama mkwe atakitambua kabla hajaonja.

*Habari. Niko Mbale, mimi ni wa jumuiya ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Muhogo na matoke vinafaa?*

Vinafaa, pamoja na viazi vitamu na maboga. Havimo katika nafaka 5 wala katika jamii ya kunde, ambayo baadhi ya Wayahudi huiacha pia. Wasiwasi wangu ni unga wa muhogo, kwa sababu mashine nyingi za kusaga hupitisha muhogo, mahindi na ngano kwenye jiwe lilelile. Nunua muhogo mzima, umenye, uuchemshe, uukate vipande, upake mafuta na chumvi, halafu oveni nyuzi 200 dakika 25. Jumuiya yenu ina desturi zake tangu Semei Kakungulu alipoianzisha mwaka 1919, na ina rabi wake. Neno lake litangulie langu.

*Mama, sisi ni wanafunzi wa kilimo huku Arava, Israeli. Tunakaa nyumba ya wenyeji na oveni ni hii ndogo. Wametuomba tusiingize chachu wiki ya Pasaka. Je, ugali na wali?*

Inategemea wenyeji wenu ni akina nani. Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, tangu Zama za Kati wameacha pia mchele, mahindi, maharage, dengu na njegere wakati wa Pasaka. Kundi hilo huitwa kitniyot, na wengi huhesabu karanga humo. Wasefaradi na wengi wa waliotoka nchi za Kiarabu hula wali bila shida, baada ya kuuchambua vizuri. Mwaka 2015 kamati ya sheria ya Wayahudi wa mrengo wa Conservative huko Marekani iliwaruhusu watu wake pia, lakini nyumba nyingi za Kiashkenazi zinaendelea na desturi ya wazee. Kwa hiyo ulizeni. Unga mliobeba kutoka nyumbani ufungeni na uwekeni nje ya jiko, hata kama wenyeji ni Wasefaradi, maana hamjui mashine yake ilisaga nini kabla yake.

Dukani mtaona rafu zimefunikwa kwa plastiki. Hizo ndizo za hametz, msizifunue. Mkitaka chakula cha kushibisha vijana wanaotoka shambani, pikeni mina, ambacho ni chakula cha Wasefaradi na kinatosha kabisa kwenye trei ya sentimita 20. Lowesha vipande vya matza kwenye maji sekunde chache, viwe laini kama kitambaa lakini visikatike. Kaanga nyama ya kusaga na vitunguu vingi, bizari ya pilau na pilipili manga, ipoe, changanya na yai 1. Pangeni matza, nyama, matza, kisha mwagieni juu mayai 2 yaliyopigwa. Nyuzi 180, dakika 35. Mayai yataingia kwenye kila ufa na kuishika trei nzima, ikikatika vipande safi. Jibini msiweke, hapo kuna nyama, na sheria yao haichanganyi nyama na maziwa.

*Mwajiri wangu amekataa kuku wa kuokwa usiku wa kwanza, lakini ameniambia nioke mfupa na yai. Sielewi, mama.*

Ana sababu nzito. Katika Kutoka 12, mwana-kondoo wa Pasaka aliamriwa aokwe motoni, asiliwe mbichi wala wa kuchemshwa majini. Tangu Hekalu la Yerusalemu libomolewe mwaka 70, sadaka ile haitolewi tena, na jamii nyingi za Kiyahudi hazili nyama ya kuokwa usiku wa Seder, ile karamu ya ibada inayofungua Pasaka, ili isidhaniwe ni sadaka yenyewe. Wengi hujumuisha na kuku. Mpikie nyama ya mchuzi kwenye jiko, ya kuiva polepole na vitunguu na karoti. Kuku wa oveni ataliwa siku nyingine.

Mfupa na yai huwekwa kwenye sahani ya Seder kwa ukumbusho. Yai lichemshe kwanza hadi ligumu, kisha liweke na ganda lake karibu na koili ya juu, kwenye trei yenye foili, uligeuze mpaka lipate madoa ya kahawia. Ukilitia bichi linaweza kupasuka. Mfupa uwe na nyama kidogo. Hata shingo au bawa la kuku hukubalika katika nyumba nyingi.

*Tokeni zinaisha haraka, na masika umeme unakatika. Nipange vipi? Tena siku ya sikukuu nani awashe oveni?*

Oveni ya wati 1,500 ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti 1 na nusu. Kwa kuwa inajizima na kujiwasha, itakula chini ya hapo. Ichomeke ukutani. Usiichomeke kwenye ekstensheni moja na birika na friji, waya utayeyuka. Oka siku 2 kabla, asubuhi, mvua haijaanza. Tangulia na vidonge vya nazi na keki, fuata na viazi vya mafuta, malizia na nyama. Mafuta ya nyama yakisharuka ndani, keki itakayofuata haitahesabiwa kuwa isiyo ya nyama mpaka oveni isafishwe tena.

Kuhusu kuwasha, siku 2 za mwanzo na 2 za mwisho Myahudi anayeshika sheria hagusi swichi, wala hawezi kukuagiza tu wewe uguse kwa niaba yake. Usijitolee bila kumuuliza kabla jua halijatua. Kupika kwa moto unaowaka tayari huruhusiwa siku ya sikukuu, isipokuwa ikiangukia Sabato, ndiyo maana wengi huacha gesi ikiwaka kidogo. Oveni ndogo isiachwe ikiwaka usiku kucha juu ya kaunta ya mbao. Hata siku za kawaida, mwajiri huiwasha mwenyewe kwa mkono wake, kwani chakula kilichopikwa na asiye Myahudi bila mkono wa Myahudi kina mashaka kwao. Kwa Waashkenazi kuwasha kunatosha. Wasefaradi wengi hutaka aweke na chungu mwenyewe. Usilichukue kama dharau.

*Shikamoo mama. Mimi ni shemasi wa kike Musoma, Muadventista. Naweza kuoka mkate usiotiwa chachu wa Meza ya Bwana kwa oveni hii?*

Marahaba, mwanangu. Unaweza, na inafaa kuliko jiko la mkaa. Lakini huu sio matza ya Seder, ambayo ni unga na maji tu, unaolindwa na kuokwa kabla ya dakika 18, na familia za Kiyahudi huinunua. Wewe chukua unga kikombe 1, chumvi robo kijiko cha chai, mafuta robo kikombe, maji baridi vijiko 2 vya mezani. Kanda kidogo, sukuma uwe mwembamba, chora miraba kwa kisu na utoboe kila mraba kwa uma ili usivimbe. Wavu wa chini, nyuzi 210, dakika 10 hadi 12, na dakika 2 za mwisho usiondoke mbele ya kioo. Uoke Ijumaa mchana, na usiufunike mpaka upoe kabisa, la sivyo mvuke utaulainisha na hautavunjika kwenye alama.