Kabla ya kuuliza bei, uliza udongo

Aprili ya kwanza tuliyojaribu safari ya masika, tulikaa saa mbili na nusu ndani ya Noah iliyozama kwenye tope hadi nusu ya tairi, katikati ya uwanda wa Mkata, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mvua ilikuwa imekatika, jua linachoma, nyati wanakula majani yao mbali kidogo bila habari na sisi. Kushuka garini mbugani hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa, nani angeshuka? Tulimaliza karanga na maandazi ya safari, tukasimuliana kesi zote za ukoo, mpaka askari wa hifadhi walipofika na Land Cruiser na waya wa kuvutia. Mkubwa wao aliitazama Noah, akanitazama mimi. "Dada, hili gari mlikuja nalo kufanya nini huku?"

Gari nililichagua mimi. Hoteli ilikuwa imetukatia karibu nusu ya bei, kichwa kikavimba kwa furaha, nikaona hata kwenye gari nibane. Baba watoto alinionya. Hajaacha kunikumbusha.

Tangu hapo tumekwenda mara nne nje ya msimu wa watalii, na watu wa ofisini wakinisikia nasema masika ni wakati mzuri wa kutembea, hudhani nina hisa kwenye hoteli. Sina. Ninachosema ni kwamba wengi wetu tunapanga safari hizi kwa kuangalia bei na kuuliza "mvua itanyesha?" Itanyesha. Ni masika. La kuuliza ni itanyesha juu ya udongo gani, na huko baharini utavuma upepo upi. Ukishajua hayo mawili, bei utaipatana baadaye.

Nianze na udongo. Uwanda wa Mkata una udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na masika unanata kama ugali ambao haujaiva. Gari la fowili lenyewe, linalovuta kwa magurudumu yote manne, huku linaomba dua. Lakini Mikumi hiyohiyo ina barabara za karibu na lango kuu, pamoja na ile ya kwenda Bwawa la Viboko, ambazo zinapitika hata mvua ikiwa nyingi. Siku hizi nafika langoni, nawauliza askari njia zipi zimefungwa, naamini jibu lao, basi. Dereva akisema gari lake linapita popote, hilo ni tangazo la biashara.

Ndiyo maana fedha niliyookoa kwenye kitanda naihamishia kwenye gari. Fowili iliyoinuka, tairi zenye meno, dereva aliyekwisha kuendesha kwenye hifadhi hiyo wakati wa mvua na si kiangazi tu. Mara ya pili tulimpata mzee mmoja pale Morogoro. Kila tukimwomba aingie njia fulani, anasimamisha gari, anafungua mlango kidogo, anaangalia chini, anasema "Huu haujaribiwi, mwanangu," anageuza. Tuliona wanyama wengi kuliko mara ya kwanza. Nyasi ndefu na zilizolowa huwachosha hata simba. Alfajiri tuliwakuta wawili wamejilaza barabarani wakikausha manyoya, na mzee akazima injini tukawa nao dakika arobaini peke yetu. Julai ungekuta magari kumi yamewazunguka.

Lakini nisikudanganye. Masika maji yako kila mahali, kwa hiyo wanyama hawajikusanyi kwenye mto kama wafanyavyo Agosti. Nyasi zinaficha. Chui sahau. Tarangire, ambako kiangazi tembo hujazana kando ya mto, wakati wa mvua wengi wao hutawanyika hata nje ya mipaka ya hifadhi. Kambi nyingi za Hifadhi ya Nyerere hufunga Aprili na Mei kwa sababu barabara hazipitiki, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia safari ya Rufiji katikati ya Aprili kwa bei ya kutupa, muulize utalala wapi hasa. Serengeti ni habari nyingine. Upande wa magharibi, ule wa Grumeti, una udongo mweusi uleule wa kunasa, lakini Seronera katikati ina simba na chui wakazi mwaka mzima, na Aprili hadi Mei makundi ya nyumbu yanakuwa njiani kutoka nyanda za kusini, baada ya kuzaa Februari, yakielekea magharibi na kaskazini. Kuvuka Mto Mara hutakuona. Hiyo ni ya Julai na kuendelea. Ngorongoro beba sweta na uisahau kofia ya jua, kwani ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na ukungu wa masika unaweza kukaa hadi saa nne asubuhi.

Sisi wa Dar tusio na fedha za kaskazini, Mikumi inatosha sana. Kiingilio cha Mtanzania mtu mzima nililipa shilingi 5,900, kwa namba ya malipo, maana langoni hawapokei fedha taslimu. Na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, safari imekuwa nyepesi: kama saa mbili umeshuka Morogoro, gari la kukodi linakusubiri stesheni, umekwepa foleni ya Kibaha na malori ya Chalinze. Kutoka hapo ni kilomita mia moja na kitu. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza hifadhi kwa kilomita 50, hivyo twiga wa kwanza watoto watamwona hata kabla ya kulipa.

Sasa tarehe. Kama unaweza kuchagua, usiende katikati ya Aprili, hata mimi mpenda mvua siendi tena. Wiki ninayoipenda ni ya mwisho wa Mei kuingia wiki ya pili ya Juni. Mvua zimeishiwa nguvu, mbuga bado ni kijani, vumbi hakuna, shule zinafungwa, na hoteli nyingi nilizozipigia hubadili bei ama tarehe 1 ama tarehe 15 Juni. Hizo siku kumi na nne zina thamani yake. Nyingine ni Novemba, wakati wa vuli: mvua ni za manyunyu na ngurumo za jioni, swala pala wanaanza kuzaa, na wageni wa Krismasi hawajafika.

Upande wa bahari ndiko watu wengi wanakopotea, hasa sisi wa bara tuliozoea kudhani Zanzibar ni ufuo mmoja mrefu. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini-mashariki, linapoanza, kati ya Aprili na Mei, linapiga mwambao wa mashariki: Paje, Bwejuu, Jambiani. Wanaopenda kuruka na tiara juu ya maji wanafurahi, lakini wewe na mtoto wa miaka minne mnakula mchanga. Wakati huo nenda Kendwa, magharibi ya ncha ya kaskazini, ambako kisiwa chenyewe kinakukinga. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, likishika, kuanzia Desemba, geuza hesabu: Kizimkazi kule kusini kunatulia, na siku ya mawingu unaweza kwenda kuuona msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107. Katikati ya pepo hizo mbili, Novemba, kuna maleleji, upepo haujaamua unatoka wapi, na bahari inalala kama sahani.

Halafu maji. Hili lilinikuta Jambiani. Tulifika asubuhi, watoto wameshavaa nguo za kuogelea tangu kwenye daladala, tukakuta hakuna bahari. Mchanga mtupu, mashamba ya mwani, na weupe wa mawimbi mbali kule kwenye mwamba. Mwanangu mdogo akaanza kulia. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu akacheka, akamwambia, "Usilie, babu. Bahari imekwenda kazini, itarudi saa kumi." Na kweli saa kumi ilirudi. Akanifundisha hesabu ambayo sijaisahau: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hupwa sana saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri, na kila siku huchelewa karibu saa nzima. Wiki moja baadaye ni maji mafu, hayatoki mbali wala hayaji juu sana, na yanajaa asubuhi. Kwa hiyo ukitaka kuogelea asubuhi mashariki, angalia mwezi kabla ya kulipia chumba. Ukiona shida, Nungwi na Kendwa maji hayakimbii hivyo.

Hoteli ya bei nafuu ya Mei nayo ina kisa chake. Tuliwahi kufika sehemu moja ya mashariki tukajikuta wageni peke yetu. Nyundo zilianza saa moja asubuhi, kwa sababu masika ndiyo wanapofanya ukarabati. Bwawa la kuogelea lilikuwa limekaushwa linapakwa rangi. Mpishi alikuwa amekwenda likizo, na kijana wa mapokezi alitukaangia chipsi mayai siku tatu mfululizo, kwa moyo mweupe kabisa, namshukuru mpaka leo. Hoteli nyingine hufunga kabisa Aprili na Mei. Siku hizi sitegemei picha za mtandaoni, napiga simu na kuuliza: wiki hiyo jiko linafanya kazi? Kuna fundi? Wageni wangapi mmeshawapokea?

Kama mvua ni ya kweli, lala Mji Mkongwe usihangaike na ufuo. Vichochoro vinapitika na mvua, urojo unanoga zaidi ukiwa umelowa, na msitu wa Jozani wenye kima punju haujali manyunyu. Ramadhani ikiangukia kwenye safari yako (kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11), mchana migahawa mingi ya mjini hufungwa na usile barabarani, lakini baada ya futari bustani ya Forodhani inachangamka hadi usiku mkubwa.

Boti ya kwenda Zanzibar chukua ya asubuhi, kabla kusi halijaamka vizuri, na ukae chini, nyuma. Kitambulisho mkononi. Jamaa zenu wenye pasipoti za Ulaya waambieni mapema kwamba tangu Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya huko, dola 44. Binamu yangu alikuja kugombana na simu yake bandarini akitafuta mtandao wa kuilipia.

Na usipange boti ya kurudi jioni ya kuamkia siku ya kazi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoisogelea Mafia, boti za Dar na Zanzibar zilisimamishwa, na kule kusini barabara ya Lindi ikakatika eneo la Somanga, waliokuwa Kilwa wakakwama huko. Mimi naacha siku moja tupu mwishoni, na nafuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa tangu siku tano kabla.

Kwenye begi ongeza kanga mbili kila mtu. Taulo la masika halikauki.

Mwaka jana nilipiga simu hoteli moja ya Kendwa nikitaka wiki ya pili ya Mei. Dada wa mapokezi alinyamaza kidogo, akashusha sauti: "Shoga, wiki hiyo tunang'oa paa la mgahawa. Njoo tarehe 27, bei ni ileile." Tukaenda tarehe 27.