Machozi kwa mtu ambaye hakukujua

Wasomaji wananiuliza, nami nawajibu mmoja mmoja.

Mwanamuziki niliyempenda amefariki. Hatukuwahi kuonana, lakini nalia kila siku. Nina kasoro gani?

Huna kasoro. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, walieleza jinsi mtu anavyojenga ukaribu na wale anaowasikia redioni na kuwaona kwenye televisheni. Unaijua sauti yake, kicheko chake, hata anavyovuta pumzi kabla ya kuimba. Yeye hakujui hata jina. Ukaribu ni wa upande mmoja, uchungu ni wako kwelikweli.

Mama alipofariki miaka sita iliyopita sikulia. Sasa namlilia mwigizaji. Najiona nimemsaliti mama.

Swali lako nimelisoma mara tatu. Pengine mama alipoondoka wewe ndiye uliyepokea wageni, ukalipa madeni, ukawanyamazisha wadogo zako. Ulilia saa ngapi? Kifo cha mtu wa mbali hakikukudai kazi yoyote, ndipo machozi yakapata pa kutokea.

Nami yalinikuta. Mtangazaji mmoja alipofariki, nilisimama jikoni nimeshika kitufe cha redio, sithubutu kuiwasha. Nilidhani namlilia yeye. Kumbe sauti ile ndiyo baba aliyokuwa akiisikiliza kila alfajiri huku akifunga kamba za viatu, na baba nilikuwa sijamlilia sawasawa.

Basi jiulize: mwigizaji huyo ulikuwa ukimtazama na nani, katika kipindi gani cha maisha yako? Mama akitokea kwenye jibu, mlilie. Hujamsaliti.

Chadwick Boseman, mwigizaji wa Marekani, alipofariki mwaka 2020 tulikuwa na umri mmoja. Tangu hapo nawaza kifo changu tu.

Alikuwa na miaka 43, na aliishi na saratani ya utumbo mpana kwa miaka minne bila umma kujua, huku akicheza filamu. Hofu yako ina la kukuuliza: je, kuna dalili unayoificha? Kama ipo, kamwone daktari wiki hii. Ila mawazo yakigeuka kuwa hamu ya kufa, usilale nayo. Mwambie mtu leo.

Baada ya mazishi ya mwimbaji niliyempenda, maovu yake yamefichuka. Niache kuomboleza?

Hapana. Ila usiwatukane wanaosema aliwaumiza, wasikilize. Wimbo wake uliokutuliza ulikutuliza kweli, na wao waliumia kweli. Ikiwa kwa sasa huwezi kuusikiliza, uweke kando. Hakuna anayekuharakisha.