Kwa Mwanangu Mwende: Nilichokifuata kwa Wapenzi wa Tiki

Mwanangu mpendwa Mwende,

Pokea salaam nyingi kutoka kwetu hapa Tampa. Mama yako hajambo, na mguu uliokuwa ukimsumbua umepoa. Katika barua yako umeniuliza, baada ya kuiona ile picha niliyovaa shati la maua na kushika kikombe cha udongo chenye sura ya sanamu, nilikuwa nimefuata nini wikendi nzima kwa wapenzi wa tiki, mtindo wa baa za Kimarekani ambamo watu hujifanya wako visiwa vya Pasifiki, na kama sikuona haya kunywa pamoja nao katika vichwa vya miungu ya watu, ilhali nilikulea nikikuambia kwamba cha mtu huheshimiwa hata mwenyewe asipokuwapo. Umeuliza haki yako, nami nitakujibu kama nilivyoyaona.

Mkutano huo uliitwa The Hukilau, na wakati ule ulikuwa ukifanyika Fort Lauderdale, ambako ndiko uliko mkahawa wa Mai-Kai. Jirani yetu yule mstaafu wa posta, ambaye sebule yake imejaa vikombe vya tiki kiasi kwamba mgeni hukosa pa kuweka chai, alijua kwamba mimi ni mtoto wa mchonga vinyago, akanialika tusaidiane kuendesha gari ili naye anionyeshe wachongaji wao. Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya Mai-Kai kufungwa mwaka 2020, paa la jikoni lilipoharibika.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba watu wale hawaipendi Polinesia, yaani visiwa vyenyewe vya Pasifiki, kama wanavyoipenda Marekani ya miaka ya 1950. Tiki wanayoienzi ilizaliwa California, mara baada ya marufuku ya pombe kuondolewa mwaka 1933, pale Ernest Gantt, aliyekuja kujiita Donn Beach, alipofungua baa ndogo Hollywood, akaipamba kwa mianzi na nyavu, akachanganya ramu za Karibiani na kuuza mchanganyiko huo kwa jina la bahari nyingine kabisa. Victor Bergeron wa Oakland, aliyejulikana kama Trader Vic, alimfuata, na mwaka 1944 akatoa kokteli ya Mai Tai. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, askari waliorudi kutoka Pasifiki walikuwa na kumbukumbu za visiwa walivyopigania, na Hawaii ilipofanywa jimbo la Marekani mwaka 1959 kila mji mkubwa ulitaka paa lake la makuti. Watoto wao waliona mambo hayo ni ya kizamani na mengi ya majumba hayo yakabomolewa. Wajukuu ndio waliorudi kuokota vikombe kwenye minada ya vitu vikuukuu. Kwa hiyo niliowakuta pale walikuwa watu wa makumbusho zaidi kuliko watu wa ulevi, ingawa ulevi nao haukukosekana.

Mai-Kai yenyewe ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1956 na ndugu wawili wa Chicago, Bob na Jack Thornton. Ukiingia baa yao ya Molokai, iliyojengwa mithili ya merikebu, utaona maji yakichuruzika mfululizo kwenye vioo vya madirisha ili udhani kuna tufani nje, hata kama Florida yote inaungua kwa jua. Nilicheka peke yangu, kwa kuwa sisi tuliokulia Mombasa mvua ya masika hatukuwahi kuilipia. Lakini kinywaji chao hakikunichekesha. Katika hotuba ya asubuhi tulielezwa kwamba Donn Beach aliwaficha hata wahudumu wake viungo vyake kwa kuandika namba tu kwenye chupa, na kwamba mojawapo ya siri hizo, ilipokuja kufichuliwa miaka mingi baadaye, ilikuwa maji ya balungi na sharubati ya mdalasini. Ongeza hapo ile sharubati yao nyingine ya ndimu, karafuu na tangawizi, nawe utaelewa kwa nini mama yako, aliyeomba ya kwake isitiwe ramu, alisema kwamba watu hawa wamezunguka dunia nzima kuja kutuuzia vitu vya kabati la bibi yake.

Nililolipenda zaidi katika hotuba hiyo ni habari za waliokuwa nyuma ya kaunta. Wengi wa wachanganyaji hodari wa zama zile walikuwa Wafilipino; mmoja wao, Mariano Licudine, alifanya kazi kwa Donn Beach kwa miaka mingi kabla ya akina Thornton kumchukua, na orodha ya vinywaji vya Mai-Kai ni kazi ya mikono yake. Wateja hawakuambiwa hivyo. Waliuziwa ndoto ya Mzungu aliyesafiri, ilhali aliyejua vipimo alikuwa mhamiaji aliyevaa sare.

Sasa nije kwa wachongaji. Kwenye uwanja wa hoteli nilimkuta fundi amesimamisha gogo la mti wa jamii ya mnazi, refu kumpita yeye, ameshalikata sura kwa msumeno wa injini na sasa alikuwa akimalizia kwa patasi na nyundo ya mbao. Alinipa patasi bila kuniuliza maswali mengi. Mti ule ni mgumu kwa nje na ndani ni laini wenye nyuzi, kinyume kabisa cha mpingo, ambao sisi huukwangua weupe wa nje ili tuufikie weusi wa moyo. Ukizamisha patasi kupita kiasi, nyuzi zinang'oka kwa mafungu na pua ya sanamu huondoka nazo. Ndipo nilipoelewa kwa nini yeye alichonga macho mapana na kinywa kikubwa, asithubutu mikunjo midogo. Aliponiuliza sisi hung'arisha vinyago kwa kitu gani, nikamwambia kwa rangi ya viatu, ile ya kopo, alidhani namtania. Nami nilimuuliza ile sura ilikuwa ya nani. Akajibu kwamba haikuwa ya yeyote. Aliitoa kwenye menyu ya zamani ya baa.

Jibu hilo halikuniudhi, Mwende, na sababu unaijua. Babu yako alichonga Changamwe, katika ushirika wa Wakamba, ufundi ambao Mutisya Munge wa Wamunyu aliupata Tanganyika alipopelekwa huko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ada yako ya shule ililipwa na twiga wa mbao, na pia na wale morani wa Kimaasai wenye mikuki, waliochongwa na Wakamba ambao hawakupata kulala Umaasaini hata usiku mmoja. Hakuna Mmaasai aliyeombwa ruhusa. Siwezi, basi, kusimama mbele ya fundi yule nikamhukumu kwa kuchonga sura ya kubuni.

Lakini vikombe vya moai ni jambo jingine. Moai wa Rapa Nui, yaani Kisiwa cha Pasaka, ni sanamu za mababu wa watu waliopo hadi leo, na mzee wa mtu si chombo cha kutilia barafu. Nilipoletewa kinywaji ndani ya kikombe hicho niliomba glasi, na mhudumu akanibadilishia bila neno. Kikombe ulichokiona pichani ni cha sura ya baa, kama ile ya fundi. Na lililonikera kuliko vikombe ni kimya. Katika mazungumzo yote ya miaka ya 1950 sikumsikia mtu akitaja kwamba baa hizo zilikuwa zikijaa wakati Marekani inalipua mabomu ya nyuklia katika visiwa vya Bikini huko huko Pasifiki, kuanzia mwaka 1946 hadi 1958, na wenyeji wamehamishwa. Wala kwamba malkia Liliuokalani wa Hawaii alipinduliwa mwaka 1893 wanamaji wa Marekani wakiwa wameshuka pwani.

Usiku wa mwisho tulitazama ngoma za Mai-Kai, ambazo kwa miongo mingi zimetungwa na Mireille Thornton, mzaliwa wa Tahiti aliyeanza hapo kama mchezaji akaja kuolewa na mwenye mkahawa. Hapo nilikaa kimya nikatazama, kwa kuwa aliyekuwa akionyesha alikuwa akionyesha cha kwao, kwa malipo, kwa namna aliyoipanga mwenyewe.

Mai-Kai ilifunguliwa tena Novemba 2024, na jirani ameshaanza kunishawishi. Nimemwambia nitakwenda iwapo nawe utapata likizo, kwa sababu swali lako linawafaa wachezaji wa pale kuliko linavyonifaa mimi. Nijulishe mapema, maana meza za karibu na jukwaa huwahiwa.

Ni mimi baba yako.