Cheti cha multimita ni kipya, mbona mkaguzi amekikataa?

Swali: Multimita (kifaa cha kupimia umeme) ya karakana yetu imerudi kutoka maabara miezi miwili iliyopita, ina cheti na stika. Mkaguzi wa ubora ameandika kuwa kufaa kwake hakujathibitishwa. Maabara ilikosea, au tunaonewa?

Jibu: Huenda hakuna aliyekosea. Ugezi, au kalibresheni kama wengi tunavyosema, haukitengenezi kifaa. Hukilinganisha na kifaa-rejea, yaani kile chenye usahihi unaojulikana, na kuandika kimepotoka kiasi gani. Stika peke yake ni gundi na karatasi tu.

Fungua cheti kwenye volti za AC. Tuseme maabara ilitoa volti 230.0 na multimita yako ikasoma 231.9: kosa ni 1.9. Kitabu cha kifaa kinaruhusu asilimia 0.8 ya usomaji pamoja na hesabu 3 za tarakimu ya mwisho, yaani takriban 1.86 na 0.3, jumla volti 2.16. Umepona? Bado. Angalia safu ya mashaka ya kipimo, yaani kiasi ambacho matokeo ya maabara yenyewe yanaweza kutofautiana na ukweli, ile ambayo wengi huiruka. Ikiwa imeandikwa ±0.5 kwa k=2 (k ni kizidisho kinachopanua mashaka ili kuongeza uhakika), kosa halisi linaweza kuwa popote kati ya 1.4 na 2.4, kwa uhakika wa takriban asilimia 95. Kikomo chako kimeangukia humo humo. Anayetazama kosa tupu atasema imepita. Anayehesabu na mashaka atakataa. Nadhani mkaguzi wako ni wa kundi la pili, na mimi namuunga mkono.

Ndiyo maana chini ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji na ugezi, ukitaka maabara itamke kuwa kifaa kimekidhi, kanuni ya uamuzi, yaani jinsi mashaka yatakavyohesabiwa katika kusema kimepita au la, inatakiwa ijulikane na mkubaliane kabla ya kazi. Ukipeleka kifaa na kusema "nipimieni tu", utarudishiwa namba. Hata tarehe ya ugezi ujao maabara haitakiwi kukupendekezea bila makubaliano. Muda huo mnaupanga wenyewe kufuatana na matumizi na historia ya kifaa.

Kwa sasa, iondoe kwenye kazi zenye vikomo vya kubana, kisha omba irekebishwe na igezwe upya. Sisitiza upewe matokeo ya kabla na baada ya marekebisho. Yale ya kabla ndiyo yatakayokuonyesha kama vipimo mlivyokwisha kumkabidhi mteja vinahitaji kurudiwa. Nyaya zake za kupimia zipeleke pia, hasa kama mnapima omu ndogo, yaani ukinzani mdogo wa umeme.