Taa ndiyo iliyomnunisha mzee

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya video nilikwenda Tanga kumhoji mzee mmoja, fundi wa majahazi. Tulikaa sebuleni kwake. Nikawasha taa yangu ndogo ya LED, nikapandisha stendi hadi karibu na dari, umbali kama mita tatu, nikaanza kurekodi. Mzee alisimulia vizuri mno. Nilipomtumia binti yake video, alinijibu kwa swali moja: "Kaka, mbona baba kama amenuna?"

Niliitazama upya. Macho yamezama gizani, na chini ya pua kuna kivuli chenye ukingo mkali kimeukata mdomo wa juu. Mzee hakununa, taa ndiyo iliyomnunisha. Mpaka leo inaniuma, maana uso ule ulistahili kuonekana.

Mwanzoni nilidhani dawa ni kupunguza nguvu ya taa au kuisogeza mbali. Sivyo. Ukipunguza nguvu, picha inafifia na kivuli kinabaki na ukali wake. Ukiisogeza mbali, kinazidi kukaza. Kinacholainisha kivuli ni ukubwa wa chanzo cha mwanga ukikitazama kutoka pale alipokaa mhojiwa. Jua ni kubwa kupita kiasi, lakini kwa umbali lilioko tunaliona dogo, ndiyo maana kivuli chake ni kikali. Wingu likitanda, anga zima linageuka taa, na vivuli vinayeyuka.

Basi siku hizi natembea na shuka jeupe la pamba. Nalitundika kati ya stendi mbili, ubavuni kidogo mwa kamera, kama mita moja kutoka usoni, nje kidogo tu ya picha. Taa inakaa nyuma ya shuka, hatua moja hivi. Hapo wengi hukosea: wanaibandika taa kwenye kitambaa, kinachowaka kinakuwa kiduara kidogo, na kivuli kinarudi palepale. Shuka lote liwake. Litakula mwanga mwingi, kwa hiyo nguvu ya taa iongeze. Taa za balbu zinazochemka usizisogeze karibu na kitambaa.

Upande wa pili wa uso naweka karatasi nyeupe ya manila, zile za shuleni, irudishe mwanga shavuni. Mhojiwa akivaa kanzu nyeupe, kanzu yenyewe huinua mwanga chini ya kidevu. Angalia kuta pia: nyumba nyingi za pwani zimepakwa buluu au kijani, na rangi hiyo hurukia usoni. Akiwa na macho ya ndani, shusha taa iwe juu ya macho kidogo tu. Akivaa miwani, isogeze taa pembeni mpaka mng'ao utoke kwenye vioo.

Kama huna taa kabisa, dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja linatosha. Saa sita mchana usimhoji mtu uani, mkalishe kibarazani, uso uelekee nje.

Vivuli vyote usivifute, uso utakuwa bapa kama picha ya pasipoti. Mimi nabakiza kidogo kwenye shavu la mbali. Kisha, kabla ya swali la kwanza, namtazama mhojiwa machoni: nikiona kinukta kimoja kinang'aa kwenye mboni, nasogeza shuka karibu zaidi. Nikiona umbo pana kama la dirisha, narekodi.