Jibu: Godoro jepesi la kulalia Mlima Kenya, nichukue lipi?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, unapanda kwa njia ya Sirimon, unalala kwenye hema, na umekwama kati ya godoro la kupuliza na sponji ya kukunja.

Angalia kwanza namba ya R, unene baadaye. Namba hiyo inaonyesha godoro linavyozuia ardhi isinyonye joto lako. Kuna magodoro manene kweli ambayo ndani ni hewa tupu. Kambi ya Shipton's, kwenye njia yako hiyo, iko mita 4,200 hivi. Ukilalia godoro la hewa tupu huko utatetemeka usiku kucha hata na begi zuri la kulalia, kwa sababu manyoya ya begi yaliyo chini ya mgongo yanabanwa na uzito wako, hayafanyi kazi tena. Kwa huko mimi sishuki chini ya R 4. Hakikisha pia imepimwa kwa kiwango cha ASTM F3340, maana zamani kila kampuni ilijipimia inavyotaka.

Sponji nyingi za kukunja ni R 2 hivi. Peke yake haitoshi, ila haipasuki, na namba za R hujumlishwa: ya 2 chini, ya 4 juu, unapata 6.

La kupuliza, beba viraka na gundi. Tumia mfuko wake wa kupulizia, si mdomo, unyevu wa pumzi hubaki ndani. Baridi ikiingia hewa husinyaa, basi liongeze kidogo kabla ya kulala.

Hujasema unalalaje. Kama ni kwa ubavu, sponji tupu itakuumiza nyonga; chukua la kupuliza.